Meno ya Juu ya Ng'ombe

Wakati wa Mjerumani nilikuwa mtunza farasi bomani. Baba yangu alikuwa mpagazi. Alipochoshwa na njia alijenga hapohapo jirani na boma, nami sikuwahi kuchunga ng'ombe hata siku moja. Kusoma nilijifunza mwenyewe, herufi moja moja, kwenye matangazo ya ukutani. Na kwa kuwa hakuna aliyenifundisha kitu, nakiri, niliogopa kukosea kupita kiasi. Ndoo ya maji niliikagua mara tatu kabla farasi hajanywa. Kila asubuhi niliwafungua midomo, nikatazama meno ya juu, kisha ya chini.

Ndipo nikamchumbia binti wa Kigogo kule Mkonze. Mjomba wangu, ndugu wa mama, akanitolea ng'ombe wa mahari kutoka zizini kwake Buigiri. Alfajiri ya kuwapeleka, moyo ulinikatalia kuondoka bila kukagua. Nikamfungua mdomo yule mweusi. Chini meno, juu mbele ufizi mtupu! Nikamfungua mwekundu: vilevile. Wote vibogoyo.

Sikuthubutu kumwambia mjomba, maana alinipa kwa mapenzi. Njia nzima nilitoka jasho.

Tulipofika Mkonze, mimi na mjomba, baba wa binti alimpapasa mweusi mgongoni.

"Wazuri hawa," akasema.

Ningenyamaza. Sikuweza.

"Baba, siwezi kukudanganya. Wameng'oka meno ya juu, wote. Nipe muda nitafute wengine, ila binti usimpe mtu mwingine."

Mjomba akajishika kichwa.

"Umeyatafuta vizuri, shemeji?" akauliza kaka wa binti. "Labda wameyaacha Buigiri."

Wanaume wakaangua kicheko, mmoja akashikilia ua asianguke. Ndani ya tembe nako wanawake walicheka, na kicheko kimoja nilikitambua.

Baba wa binti akanishika mkono, akanipeleka hadi kwa ng'ombe wake mwenyewe. Akamfungua mdomo fahali: ufizi. Mtamba: ufizi. Akakibonyeza kidole changu pale, nikahisi pagumu kama kisigino.

"Ndivyo walivyoumbwa. Anazoa majani kwa ulimi, anayabana hapa na meno ya chini, anayakata. Magego ya juu anayo, huko nyuma. Wewe ulidhani ni farasi?"

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini kidole sikukitoa. Tangu utoto nimekunywa maziwa ya mnyama huyu, na mdomo wake sikuujua! Aibu na furaha vilinijia pamoja, na furaha ikawa kubwa zaidi.

"Baba, nimeharibu?"

"Umeharibu nini? Watu wameleta hapa ng'ombe kilema wakaapa ni mzima. Wewe umeleta wazima, umeapa ni wabovu." Akafuta machozi ya kicheko. "Binti ni wako. Ila mambo ya ng'ombe atakufundisha yeye. Mimi nitakufa kwa kucheka."

Hapo mtu mwenye akili angeshukuru na kuketi.

"Na mbuzi je?" nikauliza.

Vicheko vikaanza upya. Binti akatoka ndani ya tembe, akaenda kumkamata mbuzi pembe, akamsimamisha mbele yangu.

"Fungua mwenyewe," akasema, "usije ukasema tumekudanganya."

Nikafungua. Chini meno, juu ufizi. Nikainua macho kumtazama, naye alikuwa amejiziba mdomo kwa nguo, mabega yakimcheza kwa kicheko. Nikashindwa kujizuia, nikacheka naye.