Dafroza Aulizwa Habari za Mwanawe

Dafroza wa Nyakatuntu alikuwa na ulimi ambao ungemenya ndizi bila kisu. Mumewe alikuwa kwenye machimbo ya bati, kibanja cha migomba alikilima mwenyewe, na hakuna aliyethubutu kumwonea. Mwaka ule wa 1954 alitaka jambo moja tu: binti yake Kembabazi aingie shule ya misheni. Nafasi zilikuwa chache, na padre alisema wachukuliwe watoto wanaojua kuishi na wenzao. Wa kueleza hayo ni wazazi.

Mwalimu Protase, mgeni kutoka ng'ambo ya ziwa, akawakalisha akina mama, akaanza kuuliza.

“Mtoto wako husalimu wakubwa?”

“Huyo? Mpaka nimfinye!” akajibu Dafroza.

“Hugawana chakula na wenzake?”

“Mchoyo kama babake.”

“Akikosana na mwenzake?”

“Ah, mwalimu, hata ndama ana adabu kuliko yeye.”

Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Nao walikuwa wamejibu hivyo hivyo. Mama gani mwenye akili amsifu mwanawe hadharani, watu wapate kumtia jicho baya? Mwalimu hayo hakuyajua.

“Pole, mama. Labda mwakani.”

Moyo ukamlipuka Dafroza. Amsifu mtoto wake kwa kinywa chake? Hata kwa bakora, hapana! Akageuka, akamwona jirani yake Placidia, waliyenuniana naye tangu mbuzi wake aingie kwenye maharage ya Dafroza.

“Mwalimu, muulize yule. Hanipendi, kwa hiyo hatanipendelea.”

Placidia akasimama, mikono kiunoni. “Simpendi, andika! Ana mdomo mchafu huyu. Lakini mtoto? Nilipougua homa aliniletea maji bila kutumwa, akapiga magoti kunisalimu. Kiazi chake alikikata, nusu akampa mwanangu. Wakigombana, yeye ndiye anayerudi kwanza. Adabu hiyo kairithi wapi, sijui!”

Akina mama wote wakaangua kicheko. Mwalimu akacheka, akaandika jina la Kembabazi.

Dafroza hakusema asante. Alikaza kitenge chake, akasimama. “Sasa zamu yangu. Desderius wa Placidia, mwalimu, huwabebea wazee kuni. Mtoto mpole, msikivu, mzuri wa...”

“Wee Dafroza, basi!” Placidia akapiga kelele, kajifunika uso. “Utaniulia mtoto!”

Mwalimu Protase akafuta majibu yote ya asubuhi, akawaambia akina mama wakae wawili wawili, kila mmoja aeleze habari za mtoto wa mwenzake.