Kitako cha Dumu

Yuliana Banzi alikuwa mfinyanzi kwa miaka thelathini na mchambuzi wa plastiki kwa miaka kumi na mmoja, na hakuna aliyewahi kumuuliza kama alitaka kuhama kutoka kazi ile kuja hii. Ndoo ndiyo iliyomhamisha.

Kwao ni milimani, upande wa Matombo. Wanawake wa ukoo wake walikuwa na shimo lao la udongo, na kila mmoja aliijua zamu yake ya kuchimba. Vyungu vyao nimeviona kwa macho yangu. Vilishuka mjini vichwani, vimefungwa kwa kamba za mgomba, na mnunuzi hakutoa hela kabla ya kukigonga chungu kwa kifundo cha kidole. Chungu kizima huitika. Chenye ufa hunung'unika. Kikinung'unika mbele ya mnunuzi, mfinyanzi mwenyewe alikivunja palepale, asije akamuuzia mwingine kilichokwisha kukataliwa. Leo nioneshe kiwanda kinachovunja bidhaa yake mbovu mbele ya mteja. Nitasubiri.

Kisha ikaja ndoo. Ni nyepesi, ikianguka haivunjiki, na mwanamke wa mlimani aliyeipenda simlaumu. Shingo yake nayo ina haki ya kupumzika. Ninacholaumu ni huo uongo uliokuja pamoja nayo, kwamba tumepata kitu bila kupoteza kitu. Chungu kikifa hurudi kuwa udongo. Ndoo ikifa inabaki pale pale mferejini inakutazama, mpaka wewe ufe na mwanao afe. Tulikuwa tunafungia nyama kwenye majani ya mgomba. Tukaja kwenye mifuko ya plastiki ya rambo, tukaipigia makofi, mpaka serikali ikaipiga marufuku, na tuliopiga makofi ndio sisi sisi tuliopiga tena makofi.

Soko la vyungu lilipokufa, Yuliana, mjane sasa, alishuka mjini akapata kazi kwenye yadi ya Sufiani, hapa Mafisa. Sufiani hununua plastiki chakavu, huzichambua, huzisaga kwa mashine, na chenga zake huondoka kwa lori kwenda viwandani kuyeyushwa. Nyumba yangu inapakana na uzio wa yadi hiyo, uzio wa mabati makuukuu. Niliyoyaandika hapa mengine niliyasikia nikiwa kibarazani, mengine niliyaona kupitia tundu la msumari, na sioni haya kusema hivyo.

Katika kazi hiyo hapakuwa na wa kumfikia. Alilitupa kopo kwenye pipa la maji akatazama: chupa za maji na soda huzama, vifuniko vyake huelea, kwa hiyo kila kifuniko alikitoa kwanza kwa kisu. Kipande asichokijua alikichoma ncha, akanusa moshi. Kikinuka mshumaa, kinakwenda huku. Kikichoma pua, kinakwenda kule, maana kimoja cha namna hiyo huharibu gunia zima. Na kabla ya yote hayo alikigonga kwa kifundo cha kidole, akainamisha sikio.

"Bibi, kinakuambia nini?" Sufiani alikuwa anamtania.

"Kinasema mwenye yadi hajaoga."

Walikuwa wanapatana. Sufiani si mtu mbaya kwa sura. Ana miaka thelathini na kitu, anacheka, na hajawahi kupita mlangoni kwangu bila shikamoo. Lakini shikamoo haimzuii mtu kukuua.

Mwezi wa kumi mwaka jana mabomba ya mtaa wetu yalikuwa yanatoa upepo. Maji yalikuja mara moja kwa wiki, na kila mwenye dumu alikuwa tajiri. Ndipo lori likaingia yadini na madumu arobaini ya bluu, ya lita ishirini, mazima, mifuniko yake ipo, karatasi za nje zimebanduliwa. Yametoka shamba moja kubwa la bondeni. Jina lake silijui, na aliyeyaleta alihakikisha halijulikani. Sufiani aliyatazama akaona kwamba kuyasaga ni ujinga. Akaamuru yaoshwe yauzwe hivyo hivyo, ya kuwekea maji ya kunywa. Kabla ya mchana Magreth, mama lishe wa pale kona, alikuwa ameshaagiza sita.

Yuliana alifungua mfuniko wa kwanza, akaurudisha haraka.

"Sufiani, haya yalikuwa na dawa ya shamba."

"Ndiyo maana nikasema yaoshwe, bibi. Sabuni, mchanga, maji mara tatu."

"Hayaoshiki."

"Kila kitu kinaoshika."

Yuliana akaniita kutoka ng'ambo ya uzio. "Mzee Amosi! Njoo na miwani yako." Nikaenda. Dumu moja lilikuwa limebakiwa na nusu ya karatasi.

"Haya, msoma magazeti ya maandazi amefika," Sufiani akasema, na vijana wa mashine wakacheka. Ni kweli nilijifunza kusoma kwa karatasi za kufungia maandazi, nikiwa kibarua wa mkonge. Sasa hivi maandazi yanafungwa kwenye plastiki isiyoandikwa kitu, na vijana hao wamemaliza kidato cha nne na hawasomi chochote.

Maandishi yalikuwa ya Kiingereza, lakini hata asiyejua herufi moja angeelewa. Palikuwa na fuvu la kichwa. Chini yake pamechorwa dumu linalomiminiwa maji, na jingine linalotobolewa kwa chuma.

"Inasema likiisha lisuuzwe, kisha litobolewe, mtu asilitumie tena," nikawasomea.

Yuliana akapiga makofi mara moja. "Si ndivyo! Bibi yangu hakusoma hata a, na alijua. Wanaume wakitwanga utupa wa kulevya samaki, chungu kilichobeba utupa hakirudi nyumbani. Kinatobolewa kitako, kinaachwa njia panda, kila apitaye aone. Chombo kinakunywa kwanza, ndipo kikunyweshe."

"Hicho kilikuwa chungu, bibi. Udongo una matundu. Hii plastiki hainywi kitu."

"Basi nusa."

"Nina mafua."

Yadi nzima ikacheka. Nami nilicheka, Mungu anisamehe, kwa namna alivyoivuta pua yake iliyo kavu kabisa. Halafu Sufiani akaacha kucheka, akasema kesho asubuhi Magreth anakuja kuchukua yake, na asiyetaka kuosha mlango uko wazi.

Siku hiyo hiyo nilikwenda kwenye ofisi inayohusika. Nikaambiwa niandike barua. Nikaandika. Wakaigonga mhuri, wakaniambia nisubiri wataalamu. Bado nawasubiri.

Yuliana hakusubiri. Asubuhi, jua limeshatoka na mlinzi amekwenda kunywa chai, nilisikia mlio ambao sikuuelewa: gu, gu, gu, kama mtu anayetwanga kinu cha ajabu. Nikasogea kwenye tundu langu. Alikuwa ameyapindua madumu yote, vitako juu, na anapita moja baada ya jingine akiwa na nyundo na kipande cha nondo kilichonolewa. Kila dumu tundu moja, katikati. Hakuwa na hasira wala haraka. Alifanya kama mtu anayepanda mahindi.

Sufiani alifika Yuliana amebakiza madumu mawili.

"Bibi! Bibi, unafanya nini?"

"Ninachoambiwa na karatasi."

"Wewe ni mchawi au ni kichaa? Niambie nijue pa kukupeleka!"

"Shika nondo, umalizie haya mawili. Mkono umechoka."

Yuliana akayatoboa mwenyewe, na Sufiani akamfukuza palepale. Wala si yeye tu aliyemtukana. Magreth alikuwa amekuja na mkokoteni, akaona madumu yake sita yametobolewa, akapandisha sauti mtaa mzima usikie.

"Bibi Yuliana, una roho mbaya! Wanangu wanafuata maji Bigwa alfajiri, wewe utawabebea? Kwako umekosa la kufanya?"

"Mwanangu, ningekuacha uyachukue, ningekuwa na roho nzuri?"

"Sijui! Mimi nataka dumu!"

Hapo ndipo nilipouona ulimwengu wetu ulivyo. Anayeleta sumu anaitwa mfanyabiashara, na anayeizuia anaitwa mchawi. Tumebandika mabango mjini kwamba taka ni mali, tumechora na mishale ya kijani inayozunguka, na hakuna aliyeandika kwenye bango hilo ni taka ya nani inayozunguka kuingia kinywani mwa nani.

Sufiani hakupoteza kitu. Aliwasha jiko la mkaa, akapasha kisu, akayeyusha vipande vya ndoo nyeusi, akaziba matundu yote kama tunavyoziba ndoo zetu majumbani. Kufika Ijumaa madumu yalikuwa barabarani, yamepangwa, yanang'aa, na bei imeshushwa kidogo kwa ajili ya kiraka.

Yuliana alipopata habari hakulia wala hakulaani. Alisema, "Ameyapaka alama mwenyewe."

Akaenda moja kwa moja kwa Magreth. Mimi nilikuwa pale nakula ugali na dagaa. Magreth alikuwa amenunua madumu matatu, amejaza mawili, na alipomwona alishika mwiko kama silaha.

"Shikamoo, na usinianzie."

"Marahaba. Lile tupu nipe."

Alitia maji kidogo ya uvuguvugu, akafunga, akaliweka juani mbele ya genge, akaketi kando yake. Nilimaliza kula nikabaki. Wateja walimtania, mmoja akamuuliza kama anaatamia. Chungu nacho, alinieleza, ukitaka kikuambie kilichobeba, kitie maji ukianike. Jua lilipofika utosini alimwita Magreth.

"Sasa fungua mwenyewe. Usinisikilize mimi, isikilize pua yako."

Magreth alifungua, akainama. Alirudisha kichwa kana kwamba amepigwa kofi. Aliingia ndani, tukasikia maji yanamwagwa, mengi, maji ya siku nzima ya watoto wake, kisha akatoka na kisu chake cha kukatia nyama na madumu mawili matupu, akayapindua, akatafuta kile kiraka cheusi katikati ya kitako. Akakichoma. Akachoma la pili. La tatu alimpa Yuliana.

Tangu siku hiyo mwanamke wa Mafisa hanunui dumu bila kuligeuza kitako. Muuzaji anasifia, mteja hamsikilizi, analipindua, anapitisha kidole. Nilikuwa sijaona mnunuzi akikagua chombo namna hiyo tangu vyungu vilipoacha kushuka kutoka mlimani. Walionunua wakatoboa. Yaliyobaki yalikaa barabarani wiki mbili yakipigwa vumbi, na Sufiani akaacha kunipa shikamoo.

Yuliana hakurudishwa kazini. Siku hizi anauza ndizi mbele ya nyumba aliyopanga, na magoti yanamsumbua. Kuna siku nilikwenda kumwambia habari niliyodhani itamfurahisha: mashine ya Sufiani ilikuwa inanguruma tangu asubuhi, na kwa tundu langu nimeyaona madumu ya bluu yanaingia humo, moja baada ya jingine, mpaka yakaisha.

Hakufurahi. Aliliacha fungu la ndizi alilokuwa analipanga.

"Chenga zimekwenda wapi?"

"Lori limechukua."

"Kutengenezwa nini?"

Sikujua. Nilimuuliza dereva, hajui. Nilimuuliza Sufiani kupitia uzio, akanijibu kwamba kiwanda ndicho kinachojua. Inaweza kuwa bomba la kupitishia nyaya. Inaweza kuwa beseni la kuogeshea mtoto, au kikombe cha rangi nzuri pale sokoni, na kila mama anakigeuza, anapitisha kidole, anakiona hakina kovu.

"Mzee Amosi," Yuliana akaniambia, "chenga hazina kitako."