Chef alinipa sahani nyeupe nikamlishe mama Uru, mama akaikataa

Wakuu, salama humu?

Leo niko off, nimeona niandike kabla sijaghairi. Ni habari yangu mwenyewe, na chumvi iliyomo ni ile ya kwenye mtori tu.

Mimi ni mpishi hapa Moshi mjini, kwenye mgahawa mmoja wa wale ambao ukiingia unajikuta unaongea kwa sauti ya chini bila kuambiwa. Wateja ni watalii walioshuka mlimani na watu wenye sherehe zao.

Kabla ya hapo nilipika shule ya bweni. Kule kupakua ni kupakua. Upawa mmoja, haya anayefuata.

Huku nikakutana na chef wetu, dada mmoja wa Majengo, mfupi, mkali kama pilipili mbuzi. Sahani yangu ya kwanza aliiangalia, akaniuliza, "Hapa umempakulia mtu au umejaza gunia?"

Basi akanifundisha plating, yaani kupanga chakula kwenye sahani. Sahani ibaki na nafasi. Rangi zipishane. Mchuzi ukae chini, nyama juu, ili kilichokaangwa kisilowe. Ukingo ufutwe kwa kitambaa safi. Alikuwa anasema mtu anaanza kula kwa macho, na macho yakiogopa tumbo linafunga.

Moyoni nilikuwa nacheka. Wakuu, mimi ni Mchaga wa Uru. Kwetu ukimpa mgeni sahani inayoonekana ukingo, mtasemwa ukoo mzima mpaka Pasaka.

Sasa mwaka huu mama akafanyiwa operesheni ya tumbo. Ilikwenda vizuri, tukamrudisha nyumbani Uru. Shida ikawa kula.

Mama hali.

Dada yangu Manka ndiye aliyekuwa anamuuguza. Anapika mtori wa ndizi na nyama iliyoiva mpaka inajiachia, anajaza bakuli pomoni. Mama anaangalia, anasema, "Aika, asante mwanangu, weka hapo nitakula," halafu anageukia ukutani.

Majirani nao, Mungu awabariki, kila anayekuja kumpa pole anakuja na hotpoti lake. Machalari ya ndizi na nyama, kiburu cha ndizi na maharage, maziwa ya mgando. Anampakulia mlima, kisha anakaa pale pale kusubiri aone.

Mama yangu ni mtu wa adabu za zamani. Chakula cha mtu ukikianza unakimaliza. Akijua hatamaliza, haanzi kabisa.

Tuliporudi kliniki daktari hakuzunguka. Kidonda hakifungi vizuri kwa sababu mwili hauna cha kujijengea, na asipokula atarudi wodini. Kwenye gari Manka alilia kimyakimya, mimi nikawa naangalia nje. Baba tulishamzika. Niliogopa, sitaficha.

Nikaenda kwa chef kuomba ruhusa. Badala ya kuniuliza siku ngapi, akauliza, "Mnampakuliaje?"

Nikamweleza. Akafungua kabati, akanitolea sahani nyeupe, zile pana tunazowawekea wateja. Wakuu, zile sahani hata sisi wenyewe tunaogopa kuziosha.

"Nenda nazo. Kampakulie mama yako kama amekuja kula hapa kwetu."

Nikapanda Uru. Manka akapika mtori, mimi nikapakua. Kidogo tu katikati, nyama laini juu yake, mboga ya mnafu kidogo pawe na kijani, tone la mgando. Nikafuta ukingo. Manka akatoa simu akapiga picha.

Nikampelekea mama kitandani kwa madaha yote ya kazini. Akaiangalia sahani, akaiangalia tena. Kisha akauliza polepole:

"Chakula kimewaishia?"

"Hapana mama, kipo."

"Usinifiche. Watoto wa Manka wamekula?"

Kabla sijajibu akaisukuma sahani kwangu. "Wapelekeeni hao. Mimi nimeshaishi."

Wakuu, nilikosa pa kuweka uso. Ile nafasi nyeupe ambayo mtalii anaiita sanaa, mama yangu aliiona njaa. Na alikuwa na haki. Sisi tumekua tukijua mama akijipakulia kidogo, sufuria limeisha.

Mimi nilishakata tamaa. Nikawa nataka kurudisha sahani jikoni.

Manka ndiye aliyetuokoa. Alitoka, akarudi amebeba sufuria lenyewe na masizi yake, akaliweka kwenye kigoda kando ya kitanda, akafunua mfuniko.

"Ona mama. Limejaa. Watoto wameshakula wako nje wanacheza."

Mama akajiinua kidogo, akachungulia. Mvuke ukampiga usoni. Akachukua kijiko.

Akamaliza sahani. Yote.

Nikaifuta, nikapanga nyingine pale pale mbele yake, safari hii machalari ya hotpoti la jirani na kipande cha parachichi, kidogo vilevile. Akala huku ananicheka, "Mbona mnanilisha kama Mzungu?" Nikaenda jikoni nikalia kama mtoto, na sioni aibu kuliandika.

Tukaendelea hivyo hivyo. Sahani kidogo kidogo, sufuria pembeni linaonekana. Majirani tukawaomba wasipakue, waache hotpoti tu. Jirani mmoja alinuna, akasema tunamnyima mgonjwa, lakini alipomwona anatafuna mwenyewe akaanza kuwasimulia wengine kama vile wazo lilikuwa lake.

Kidonda kimefunga. Wodini hakurudi.

Mama alimtumia chef mkungu wa ndizi. Chef huyo mkali aliupokea ule mkungu kwa mikono miwili, akaubeba mwenyewe mpaka jikoni. Manka naye sijui nimlipe nini, maana ujuzi wangu wote bila sufuria lake ungeishia kwenye picha.

Nilichojifunza wakuu: plating si mbwembwe, nilikuwa nakosea. Ila sahani ipange kwa macho ya huyo atakayekula, si kwa macho yako. Mgonjwa mpakulie kidogo, na umwonyeshe kuwa kingine kipo na nyumba nzima imeshiba.

Nyie mnaouguza wazazi mnafanyaje wakikataa chakula? Tupeane mbinu, kuna mtu usiku wa leo anazihitaji. Na wa kunicheka kwa kulia jikoni naye nafasi anayo.

Jana nilimpigia mama kumjulia hali. Akanikatisha.

"Nipigie baadaye baba, nakwenda kula. Nina njaa."