Wasagaji Wawili wa Bertrams

Mashine yetu ya kusaga iko kwenye gereji nyuma ya nyumba, mtaa wa Bertrams, huku ugenini kusini mwa Afrika, na hufanya kazi kwa kufuata saa za umeme. Mtaa mzima unazijua saa hizo kama watu wa pwani wanavyojua kujaa na kupwa kwa maji. Umeme ukirudi, baba, mtu wa Tanga, hupaza sauti, "Maji yamejaa!" Foleni hujipanga: Watanzania na mahindi yao, Wakongo na mihogo mikavu.

Msagaji wa kwanza hakuwa baba. Alikuwa jirani yetu, Mkongo wa Uvira, na ndiye aliyeinunua mashine. Makundi yalipoanza kufukuza wageni nyumba kwa nyumba, sisi tulijificha, yeye akamkabidhi baba ufunguo wa gereji, akakimbilia kwao na mkewe. Alifia huko. Nyumbani kwetu historia hiyo yote ni neno moja: alituachia. Niliwahi kuuliza kama alituachia tuimiliki au tuitunze.

"Chuo kimekuharibu," baba alijibu.

Mwaka huu yule mke alirudi. Alipita foleni nzima akasimama mbele ya baba.

"Shemeji, nimekuya. Nataka mashini ya bwana yangu."

Baba hakuizima, kwa hiyo ilibidi wapigiane kelele.

"Ya mumeo ilikufa zamani, mama! Mota nimenunua mimi. Chekeche mimi. Mkanda mimi. Chake kimebaki nini hapa?"

Yule mama akainama, akachungulia chini ya mashine.

"Miguu. Aliichomelea yeye mwenyewe, mimi nikimushikia vyuma."

Foleni ikaangua kicheko. "Eish, mzee, si umpe miguu yake aende!" mmoja akadakia.

Nilidhani baba ataona haya. Akazima mashine, akachukua spana. Alifungua nati zote, akaniita tuinue, tukaiweka mashine juu ya matofali ya saruji. Ile fremu ya miguu, yenye kutu, akambebea yule mama hadi barabarani, kwa heshima zote, akamsimamishia teksi. Dereva alikataa kuipakia. Baba akamwacha hapo nayo.

"Haki yake nimempa," aliiambia foleni aliporudi. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Wengine wakamsifu.

"Baba," nikasema, "siku mumewe anakupa ufunguo, alitamka maneno gani hasa?"

Akawasha mashine. Ilitetemeka kidogo juu ya matofali, kisha ikatulia, ikasaga.