Ndege Yetu na Mapile ya Tate

Mjukuu wangu alinitembelea hapa Sake wiki iliyopita, na ndege ndogo ya umeme ndani ya karatoni. Akaipandisha nyuma ya nyumba, akanipa kile kisanduku cha kuiendeshea, akasema, "Tate, jaribu basi." Nikakishika kidogo, nikamurudishia. Nikamwambia magoti yananiuma. Kweli yananiuma, lakini hiyo si njo sababu. Acha nikuambie wewe, rafiki yangu, maana nimechoka, na kuficha kunachosha kuliko kulima.

Nililelewa Kirolirwe, kwenye vilima vya Masisi, miaka ya sitini, mimi na kaka yangu mukubwa, katika nyumba ya tate, mama mzazi wa baba yetu. Wazazi walikuwa kazini mbali, kwenye shamba la chai. Asubuhi ukungu ulikaa mpaka mlangoni, na ndani yake ulisikia wachungaji wakiita ng'ombe kwa majina, moja moja, kama mwalimu anayeita wanafunzi. Chungu cha maharagi kilichemka tangu alfajiri. Mimi nilichota maji, nilifagia kinyesi cha ndama, nilimenya mihogo mpaka vidole vikawa vyeupe. Nikisema nimechoka, tate alinijibu, "Uchovu haujengi nyumba." Leo ningemujibu kwamba haujengi, ila unahamia humo.

Pale misioni palikuwa na mzungu mmoja aliyefundisha useremala, na kaka alikuwa mwanafunzi wake. Vurugu zilipoanza, mzungu akarudi kwao, akamwachia kaka sanduku moja. Ndani mlikuwa na moteri ndogo, nyaya, mabawa yaliyovunjika, na kisanduku cha kuiamuru ndege ikiwa angani, chenye antena ndefu na kifungo kimoja tu. Ukibonyeza mara moja, mkia unaipeleka ndege kushoto. Mara mbili, kulia. Kwa siku nyingi tuliubonyezea ule mkia mezani, ukicheza peke yake bila kuguswa, na mimi nikajikuta nafanya ishara ya msalaba.

Mabawa mapya tuliyatengeneza kwa uti wa makuti ya miwale, mwepesi sana, ambao wachuuzi wa Walikale walifungia mizigo yao ya mawese. Tuliyavika karatasi za daftari, gundi yetu ikiwa uji mzito wa unga wa muhogo. Tulilala tukiwa mafundi, tukaamka panya wamekula bawa zima. Kaka alikaa chini akacheka mpaka akalia. Mara ya pili tulitia pilipili ndani ya uji, panya wakatuheshimu. Kisha ndege ikawa nzito mkiani, tukabandika udongo puani. Ikawa nzito puani, tukang'oa magurudumu. Kila Jumapili baada ya misa tuliirusha kutoka mgongo wa kilima, na kila Jumapili tuliirudisha nyumbani vipande vipande.

Mwishowe kaka akasema, "Mabawa iko muzuri. Mapile njo haina nguvu."

Mapile, yaani betri, yenye nguvu yalikuwa mahali pamoja tu, ndani ya redio ya tate. Redio hiyo alinunuliwa na baba mudogo, mtoto wake wa mwisho, aliyekuwa akipeleka maharagi yetu mpaka Hombo, upande wa Walikale, na kurudi na mawese. Safari hii alikuwa amekawia. Njia ya Walikale ilifungwa na watu wenye silaha, barua hazikupita, na kwa miezi mitatu hatukusikia neno. Ila redio ilipita popote. Saa saba mchana, baada ya habari, walisoma matangazo ya watu: fulani amefika salama, fulani ni mgonjwa, jamaa yake aje haraka. Tate hakwenda shamba saa hiyo. Alikaa mlangoni, redio mapajani, akisikiliza majina ya watoto wa wenzake.

Mapile yalikuwa shida kupatikana, kwa hiyo alifanya kama kila mama wa kilima chetu. Kila asubuhi aliyafukia kwenye majivu ya uvuguvugu jikoni ili yapate nguvu tena, na mimi ndiye niliyeyafukua. Yalikuwa manne. Tuliamini majivu yanaweza kufufua pile lolote, hata lililokufa kabisa. Basi Jumapili moja nilifukua mawili mazima, nikampa kaka, nikafukia yetu mawili ya ndege, yaliyochoka. Yakatoka ya moto mkononi. Niliweka redioni, ikaimba. Nikajiambia, itafika jioni.

Ndege ikaruka. Siwezi kukudanganya, ilikuwa siku ya furaha kuliko siku zote za utoto wangu. Kaka aliisukuma kutoka kilimani, ikashuka kidogo, moteri ikalia, ikainuka juu ya ng'ombe. Wachungaji wakavua kofia. Kaka akanipa kisanduku, nikabonyeza mara moja, na kile kitu tulichokibandika kwa muhogo kikageuka kunitii mimi, msichana wa kuchota maji.

Tuliporudi, tate alikuwa anaitikisa redio. Ilikuwa imezimika habari zikiisha, kabla ya matangazo.

"Imenikatala leo," alisema. "Labda kesho."

Tuliyarudisha mapile yake jioni ileile. Kesho yake redio ilisema vizuri, na habari ya baba mudogo haikusomwa.

Ilipita wiki tatu. Jirani yetu, mama aliyeuza maharagi soko la Sake, akaja, akakaa bila kuomba maji. Akasema alifikiri tunajua. Tangazo lilisomwa siku ile redio yetu ilipozimika, mara moja tu: baba mudogo amelazwa zahanati ya Walikale, hali mbaya, anaomba mama yake afike. Tate alianza safari usiku haujaisha, kwa miguu, kwa njia za porini, pamoja na kaka. Walikuta kaburi la siku nne. Muuguzi aliwaambia mgonjwa alikuwa akiuliza kila anayeingia kama ametoka Masisi.

Tate aliporudi alikaa jikoni mbele ya majivu. "Ni miye njo niliunguza mapile," alisema. "Niliyaacha moto sana. Mutoto aliniita, miye nikamuziba mudomo."

Kaka alinitazama, nikatazama chini. Aibu ile bado ninayo mwilini, rafiki yangu. Sikusema kesho yake, wala mwaka uliofuata. Tate alimukabizi kaka redio: "Weye unajua kushika hivi vitu." Hakusikiliza tena mpaka alipokufa.

Siku hizi Kirolirwe siijui. Malisho yamekatwakatwa, nyumba imebaki mawe matatu, kaka naye amekwenda. Mapile yanauzwa kila kona, na watu wanapigiana simu bila kungoja saa saba. Nilimwambia padiri kwenye kitubio nikiwa mke wa mtu. Akanisikiliza vizuri, akanipa sala za kusali, akaniambia nimesamehewa. Nilizisali zote. Lakini si padiri aliyekuwa amekaa mlangoni na redio mapajani.