Nukta Nyekundu kwenye Kabureta

Fundi Makarius alikuwa mtu wa kunong'ona. Mteja akimwuliza pikipiki yake itapona lini, aliitazama kwanza cheni, akaitazama ekzosi, ndipo akajibu chini chini, "Tutaona." Watu wa Kibondo walimzoea. Walijua mikono yake inasema zaidi ya mdomo.

Baba yake, mzee Niyomwungere, alivuka mpaka akikimbia vita, akapata shamba Kumsenga, na huko ndiko Makarius alikozaliwa na kumaliza darasa la saba. Uraia wanao, na karatasi yake ipo sandukuni. Lakini tangu utotoni alijua kwamba kuku akipotea kijijini, macho ya kwanza huelekea ua wao. Akakua akiogopa kitu kimoja tu: kuitwa mwizi. Fundi mwingine akiitwa mwizi hugombana, kesho yakaisha. Yeye akiitwa, wataitwa pia baba yake kaburini, na watoto wake, na kule walikotoka.

Kwa hiyo Bwana Elisante alipoleta Honda yake juu ya guta la mizigo, Makarius hakufurahi sana. Elisante alikuwa afisa mifugo, mtu wa Upareni aliyeletwa huku na kazi angali kijana. Honda ile, XL ya miaka ya themanini, aliinunua mnadani, akaizungusha vijiji vya Gwarama na Busunzu akichanja ng'ombe, mpaka ikamfia ikawa kiota cha kuku. Sasa anakaribia kustaafu na anataka kurudi nayo kwao.

"Fundi, nataka irudi kama ilivyozaliwa," alisema. "Spea zake zenyewe. Sitaki Mchina hata wa skrubu."

"Tutaona," alisema Makarius.

Kesho yake Elisante akaja na kigoda chake na kichupa cha rangi ya kucha ya mkewe. Kila kifaa kilichofunguliwa alikiomba, akakipaka nukta nyekundu mahali pasipoonekana upesi, akakipuliza kikauke, akakirudisha. Kisha akakaa. Kukaa na fundi si jambo geni. Kila mwenye chombo hukaa, asije akabadilishiwa kizima kwa kibovu. Lakini huyu alikaa bila kupepesa.

"Fundi, leo umeletewa askari magereza?" aliuliza Esteri, muuza chai wa kibanda cha jirani.

"Namlinda asichoke," alijibu Elisante.

"Basi nunua chai umlinde vizuri."

Waendesha bodaboda wakacheka. Makarius akainamia injini. Moyoni aliwaza: mtu anayeweka alama anatafuta kesi. Tangu siku hiyo, Elisante akiondoka, naye alikagua spana zake moja moja.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kutafuta kuliko kufunga. Umeme wa Honda ile ni wa volti sita, na maduka yote yana globu za kumi na mbili, ambazo ukiziweka huwaka kama kaa linalokufa. Platini za kutoa cheche zilipatikana Kakonko kwa fundi redio aliyezihifadhi bila kujua ni za nini. Ringi za pistoni aliletewa tatu, akazikataa zote baada ya kuzitumbukiza kwenye silinda na kuona mwanga unapenya pembeni. Kitu kimoja tu hakikuhitaji kutafutwa, nacho kilikuwa roho ya pikipiki: kabureta. Ilikuwa yenyewe, herufi za kiwandani zikisomeka ubavuni kama zimechongwa jana. Makarius aliisafisha, akaifunga kwa kitambaa, akaiweka kwenye kopo la maziwa, akaendelea na spoku za magurudumu.

Jumatatu alifungua kopo. Kitambaa kilikuwepo. Kabureta haikuwepo.

Alibaki amepiga magoti, kopo mkononi. Alipekua mchanga, akapekua sanduku, akapekua hata kapu la makaa la Esteri. Elisante alipofika na kigoda chake, Makarius alisimama.

"Mzee, kabureta siioni."

Elisante hakupiga kelele. Alilichukua kopo, akalichungulia, akamtazama Makarius muda mrefu, kama mtu aliyekuwa akisubiri jambo hilo na sasa limefika.

"Kumbe niliyoambiwa ni kweli," alisema, sasa kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Niliambiwa, pikipiki usiwape watu wa ng'ambo. Watakuuzia kesho ulichowapa leo."

Waendesha bodaboda waligeuka. Esteri aliacha kumimina chai. Makarius aliinama, akaanza kupekua mchanga upya.

"Nakupa mpaka siku ya soko," alisema Elisante. "Isipopatikana, tutaongea kituoni."

Usiku ule Makarius hakula. Alimpitisha kila mtu moyoni mwake: vijana wa bodaboda, mlinzi wa soko, hata Esteri, aliyempa chai ya bure siku aliyofiwa na baba yake. Akaona aibu kumwaza Esteri, na bado akamwaza. Jambo moja lilimkwaza. Mwizi wa spea hubeba kopo zima akakimbia. Huyu alifungua, akatoa, akakunja kitambaa vizuri, akarudisha kifuniko.

Asubuhi alipanda basi la Kasulu. Kama iliibwa, itauzwa huko. Na kama haikuuzwa, atanunua nyingine kwa hela yake, maana kituoni haendi.

Nyuma ya stendi ya Kasulu kuna mzee aitwaye Nkunzimana, ambaye banda lake limejaa mifupa ya pikipiki ambazo vijana hawajawahi kuziona zikitembea.

"Amahoro, mzee," alisalimia Makarius kwa lugha ya baba yake.

"Amahoro. Unatafuta nini?"

"Kabureta ya XL. Ile ya zamani."

Mzee akamletea moja inayong'aa. Makarius aliipima kwa kiganja, ikawa nyepesi. Akaingiza kidole kwenye koo la kabureta. Akageuza ubavu: palipotakiwa kuwa na herufi palikuwa na mikwaruzo ya grenda.

"Hii wameinyoa," alisema.

Nkunzimana akatabasamu kidogo, kisha akaacha kutabasamu. "Nyingine ninayo, ila siuzi. Ina mwenyewe." Akainama chini ya meza akaitoa.

Chini ya bakuli la petroli la kabureta ile palikuwa na nukta nyekundu.

Makarius aliinyooshea mkono. "Umeitoa wapi hii?"

"Wewe ndiye fundi wa Kibondo?" Mzee aliivuta kabureta upande wake. "Ijumaa alikuja dereva wa serikali, Marcel. Akasema bosi wake ameichukua kwa fundi kimya kimya, anataka nimwambie kama ni yenyewe au fundi kambadilishia. Nikamwambia ni yenyewe. Aliokuwa nao garini wakapiga honi, akakimbia akaiacha mezani. Namba yake sina."

Hapo Makarius akaelewa. Elisante aliichukua mwenyewe, akamtuma Marcel, na Marcel, kwa kuogopa kusema amesahau, bila shaka alimdanganya bosi kuwa ameirudisha koponi.

"Nipe niirudishe, mzee."

"Nikupe? Bosi hakuamini, nami nikuamini? Nisiyekujua?"

Makarius alishusha pumzi. "Fungua bakuli. Skrubu moja kati ya nne nimeikata mfereji upya kwa msumeno, umeenda mshazari kidogo. Ya kwanza ilikuwa imeliwa."

Mzee akaweka miwani, akaangalia. "Ego," alikubali. "Mshazari." Lakini bado hakuitoa. Alichukua simu yake. "Simama pale kwenye mwanga. Ishike mbele ya kifua. Uso juu."

Kwa hiyo Makarius akapigwa picha kama mahabusu, ameshika kitu ambacho hakukiiba. Njiani kurudi, kabureta ilikuwa ndani ya shati lake, baridi juu ya ngozi, na kwa mara ya kwanza alitamani kuwa mtu wa kupiga kelele.

Hakupiga. Alifunga kabureta, akaweka globu ya volti sita, akakaza kila nati, akasubiri siku ya soko.

Elisante alifika mapema, akaketi, akaikagua Honda kwa macho. Macho yakafika kwenye kabureta, yakakwama.

"Umeipata wapi?"

"Kasulu," alisema Makarius. "Alikoisahau Marcel."

Uso wa Elisante ulibadilika polepole. "Marcel aliniambia..." Akatazama chini.

"Mzee Nkunzimana ana picha yangu," alisema Makarius. "Ukitaka, muulize."

"Fundi, nisamehe. Nitakuongezea kitu juu ya..."

"Sitaki kitu." Makarius alimpa tambara na chupa ya thina. "Futa. Zote. Haiwashwi mpaka ufute."

Mtu mzima yule akapiga magoti mchangani na suruali yake ya kazini, akafuta nukta moja baada ya nyingine, kwenye kiki ya kuwashia, kwenye kifuniko cha magneti, kwenye kitovu cha gurudumu. Watu wa sokoni walianza kusimama. Alipomaliza na kunyoosha mkono kuchukua ufunguo, Makarius aliufumba kiganjani.

"Hawa walikusikia Jumatatu," alisema. Sauti ilimtetemeka, lakini ilitoka. "Waambie."

Elisante akakohoa. "Kabureta niliichukua mimi."

"Sema kwa sauti, bwana mifugo," Esteri alidakia. "Jumatatu tulikusikia hadi kwenye masufuria!"

"Niliichukua mimi!" alipaza Elisante. "Fundi hakuiba kitu. Nilimsingizia."

Makarius akampa ufunguo. Honda ilikohoa mara mbili, ikashika, ikanguruma ngurumo nzito ambayo bodaboda za siku hizi hazina. Elisante akaondoka nayo bila kumwangalia mtu, na kwa haraka yake akasahau kigoda.

Makarius alizikagua spana zake. Zilikuwa zote. Akajichukia kidogo, kisha akakiinua kile kigoda akakigeuza. Chini yake, karibu na mguu, palikuwa na nukta nyekundu.

Esteri alimwona fundi akicheka peke yake, jambo ambalo hakuwahi kuliona. Thina ilikuwepo karibu, lakini Makarius hakuigusa. Alikitundika kigoda kwenye msumari wa mbele, miguu juu, nukta ikitazama barabarani, mpaka mwenyewe atakapokuja kukichukua.