Ukurasa wa Kumi na Moja

Nitawasimulia, ila tukikutana Kolwezi msinikumbushe, kwa sababu mpaka leo nikipita kwenye geti la kampuni yetu asubuhi naangalia chini, mimi mkuu wa RH, yaani idara ya wafanyakazi, mtu anayelipwa ili awafundishe wengine sheria za kazi. Na nisimsingizie mtu. Aibu hii niliiandika mwenyewe, nikaipiga muhuri, nikaibandika ukutani kwa pini nne.

Kampuni yetu inatengeneza malori ya migodini, tuko watu mia mbili na kidogo, na RH ni mimi na karani wangu Clarisse, basi. Sasa hapa mjini sisi watu wa RH wa makampuni yote tuna kundi letu la WhatsApp ambako sheria mpya ikitoka Kinshasa, anayeipata wa kwanza anaiweka ili wengine wasome, na hakuna zawadi yoyote, lakini kuna Mama Béa wa kampuni moja ya usafirishaji ambaye kila mara ananitangulia, kisha anamalizia na "Bonne lecture, chers collègues", yaani usomaji mwema, wenzangu wapendwa, na hilo "chers collègues" lake lilikuwa linanichoma moyo. (Mke wangu anasema ni wivu. Ni kweli, ni wivu.)

Basi Ijumaa moja, saa sita mchana, niko na kipande cha bukari, ugali wetu, mkononi, rafiki yangu wa Lubumbashi ananitumia faili la kurasa kumi na moja, ameandika juu yake: "Arrêté ya mupya, banguka." Arrêté ni amri ya waziri, na banguka ni fanya haraka. Nikafungua kwa mkono usio na mchuzi, nikasoma ukurasa wa kwanza, nikaruka hadi kifungu cha tatu, na kifungu cha tatu kikanifanya niache kula: matibabu yanayolipwa na mwajiri, ambayo tumezoea ni ya mfanyakazi, mwenzi wake na watoto wao, sasa yatawahusu pia wazazi wa mfanyakazi na wazazi wa mwenzi wake. Nilishtuka. Nikaangalia kundi, Mama Béa yuko kimya, hajaweka kitu. Jamani, kurasa zilizobaki nani angezisoma wakati ule? Nikatuma, nikaandika chini yake "Bonne lecture, chers collègues", na baada ya dakika mbili Mama Béa akajibu: "Merci chef, leo umenipita." Nilikula bukari iliyobaki kwa furaha ambayo sikuwa nimeipata tangu harusi yangu.

Ningeishia hapo, leo nisingekuwa na la kusimulia. Lakini Tata Kalenga, fundi wa kuchomelea na mjumbe wa chama cha wafanyakazi, alikuwa ameshapata habari (sijui kutoka wapi, Kalenga hupata habari kabla haijatokea), akaja ofisini, akasimama mlangoni na kofia yake ya kazi kifuani.

"Chef, batu banauliza kama ni kweli. Utaitia ku valve?"

Valve ndiyo ubao wa matangazo, na kwetu huku jambo likiwa kwenye valve limekwisha, hakuna wa kulibishia. Mtu mwenye akili angesema ngoja kwanza nimwone mkurugenzi, lakini mkurugenzi alikuwa Likasi hadi Jumatatu, na mimi nilikuwa bado na ladha ya lile "umenipita" mdomoni. Nikaketi, nikaandika tangazo kwa Kiswahili chepesi ili kila mtu aelewe, na mwishoni nikaongeza sentensi ambayo haikuwemo katika ukurasa wowote, ilitoka kichwani mwangu tu kwa sababu napenda mambo yenye utaratibu: "Kuanzia Jumatatu, wafanyakazi walete wazazi wao kwenye dispensari ya kampuni kuandikishwa." Jina langu. Muhuri. Pini nne. Kabla sijarudi ofisini simu kama ishirini zilikuwa zinalipiga picha.

Jumamosi nilikuwa kwenye mazoezi ya kwaya, Jumapili ibada na kikao cha kwaya, na huwa nazima simu siku ya Bwana, jambo ninalojivunia sana mbele ya watu. Nikiwa nimezima hivyo, mambo yalikuwa yanatembea. Mke wangu, Mama Nadine, alikuwa na uso wa siri siku zote mbili, nikadhani amepika kitu.

Jumatatu saa kumi na mbili na nusu nashuka kwenye basi la kampuni na nikiri kwamba mwanzoni nilidhani kuna msiba. Mbele ya geti wazee wamejaa, mama wamekaa juu ya vitenge, baba wameegemea ukuta, mmoja yuko juu ya baiskeli ameshikiliwa na wajukuu wawili, wengine wametoka Mutshatsha, wengine Lubudi, wamesafiri Jumapili nzima juu ya mizigo ya malori. Nikahesabu mpaka sitini nikaacha. Na walikuwa wameleta zawadi, hilo ndilo lililonimaliza: kuku, unga wa muhogo, na mzee mmoja alikuwa na gunia la makala, yaani makaa ya kupikia, amelivalisha kitambaa cheupe juu, zawadi ya kampuni.

Muuguzi wetu akanikimbilia. Dispensari yake ni chumba kimoja na kitanda kimoja.

"Chef, bale bote ni bazazi. Banasema weye njo uliwaita. Nianze na nani? Mi niko na kipimo kimoja tu cha tension ya damu."

Nikamwambia kwa sauti ya ukuu kwamba ni sheria mpya, aandikishe. Ndipo nikawasha simu ili nimwonyeshe kile kifungu cha tatu, na simu ikaanza kutetemeka bila kukoma, ujumbe juu ya ujumbe, na katikati yake ujumbe wa mkaguzi mmoja wa kazi aliyestaafu, mzee mpole anayetusaidia kwenye kundi, wa tangu Jumapili asubuhi: "Mwanangu, soma ukurasa wa kumi na moja."

Nikausoma nikiwa nimesimama pale pale kati ya kuku. Ukurasa wa kumi na moja ulikuwa na mistari miwili. Wa kwanza ulisema hili ni pendekezo lililoandaliwa kwa ajili ya majadiliano. Wa pili ulikuwa mstari wa saini, na juu ya mstari huo hapakuwa na kitu. Hakuna jina, hakuna muhuri, hakuna tarehe. Waziri hakuwa ametia saini. Aliyetia saini katika nchi nzima nilikuwa mimi peke yangu.

Gari la mkurugenzi likafika, likashindwa kupita. Alishusha kioo, akatazama wazee, akatazama makala, akanitazama mimi, na hakupandisha sauti hata kidogo.

"Banza, uliwaita, utawaambia."

Mlinzi akanipa kipaza sauti cha kuongozea malori. Nikapanda juu ya mbao za kupangia mizigo. Na nilipoinua kichwa ili nianze, nikamwona, mstari wa mbele kabisa, ameketi wima juu ya kitenge cha bluu, mkono wake begani kwa shemeji yangu: mama mkwe wangu, kutoka Lubudi.

Lazima mjue kwamba sisi Waluba hatuchezi na mama mkwe. Miaka tisa nimemwoa binti yake, na sijawahi kula naye chumba kimoja, sijamwangalia usoni, nikimkuta njiani naacha njia, salamu zangu zinapita kwa mke wangu au kwa watoto. Na mama huyu macho yake yote mawili yalikuwa yameingia utando mweupe, miaka mitatu tunamwomba aje atibiwe naye anakataa, hataki kuwa mzigo nyumbani kwa mkwe. Ila Mama Nadine alimpigia simu Ijumaa ile ile akamwambia si mzigo tena, sasa ni sheria, na mkwe wako ndiye ameiandika. Hiyo ndiyo iliyokuwa siri. Mama akakubali, akapanda lori.

Sasa mimi nipo juu ya mbao, na yeye haoni, lakini anasikia vizuri sana.

Nikasema. Sikumbuki maneno yote, nakumbuka kwamba kipaza sauti kilirudisha kila neno langu kutoka ukuta wa ng'ambo: kwamba sheria hiyo haipo, kwamba ni karatasi tu ya mazungumzo, kwamba kosa ni langu, sikusoma hadi mwisho. Nilisubiri matusi. Hakuna aliyetukana, na ningependa wangetukana. Yule mzee wa makala akainua mkono kama mwanafunzi.

"Tata, na haya makala, nirudiye nayo Mutshatsha?"

Kalenga, ambaye mama yake mwenyewe alikuwa pale na miguu iliyovimba, akaivaa kofia yake na kuingia karakana bila kunitazama. Na mama mkwe wangu akajifunika kitenge kichwani, polepole, mpaka usoni. Mimi ndimi ninayepaswa kumwonea haya, na siku ile ni yeye aliyenionea haya mimi. Nilitamani ardhi ya Kolwezi, iliyochimbwa kote huko, ipasuke na hapa.

Saa nne Clarisse akaingia ofisini akitembea taratibu mno, ameshika bahasha. Ilikuwa demande d'explication, ile barua ya kumtaka mfanyakazi ajieleze kwa maandishi ndani ya saa arobaini na nane. Fomu yake niliitunga mimi. Hata lile kosa la koma mstari wa tatu ambalo kila mwaka nasema nitalirekebisha lilikuwepo. Clarisse akaniambia, macho yakiwa dirishani: "Chef, tia signature hapa, kama ulipokeya." Nilijieleza, nikapewa lawama ya maandishi, ipo kwenye faili langu, na mwenye kutunza mafaili ni mimi. Pini nne nilizing'oa mwenyewe wafanyakazi wakiwa kwenye mapumziko, ndivyo mkurugenzi alivyotaka. Makampuni mengine matatu yalikuwa yamenakili tangazo langu. Mama Béa hakulinakili. Alikuwa amesoma kurasa zote kumi na moja tangu Alhamisi, ndiyo maana hakuweka kitu kwenye kundi.

Mama mkwe alitaka kurudi Lubudi siku ile ile. Mke wangu alilia, shemeji akakataa kumpandisha lori, akabaki kwetu. Tulipitisha pazia sebuleni, upande huu mimi, upande ule yeye, na jicho la kulia limeshapasuliwa, la kushoto linasubiri zamu yake, na hiyo ni kazi yetu wanawe, sheria au hakuna sheria.

Wiki ya pili, jioni, nilikuwa nasoma waraka mmoja kwa sauti ndogo ili nisirudie ujinga, na nyuma ya pazia ikatoka sauti ambayo kwa miaka tisa haikuwahi kuniambia neno moja kwa moja.

"Ongeza sauti. Na usiruke."

Tangu siku hiyo ndivyo tunavyofanya. Sheria yoyote ikitoka naketi kwenye kiti changu, nageuzia pazia mgongo kama desturi inavyotaka, nasoma ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na Mama Béa ananitangulia kila wiki na sichomwi tena (nachomwa kidogo). Mama hajui kusoma hata jina lake. Anasikiliza yote, vifungu na vijifungu, hasinzii, na nikinyamaza mwishoni anauliza swali lile lile, na kabla sijalijibu, simu yangu haitumi kitu kwa mtu yeyote:

"Na chini pale, nani alitia signature?"